Babu apiga gita usiku, amplifaya yaitika baada ya wiki tatu

NDUGU msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mtu anayepiga gita la umeme, basi kero yake unaijua vyema. Gita hilo lisipounganishwa na amplifaya halisikiki; likiunganishwa, husikika mpaka nyumba ya tatu, na mtoto aliyelazwa kwa taabu huamka. Ndiyo maana mama mmoja wa Magomeni, jirani wa mwandishi wa makala haya, alistaajabu usiku mmoja, yapata saa tano, alipotoka chumbani kukagua kama mlango umefungwa, akasikia sebuleni mlio mdogo na mkavu kama wa kuku anayedonoa mtama juu ya bati.

Alipochungulia alimkuta baba yake mzazi, mzee wa miaka 78, ameketi kwenye kochi na gita mapajani, spika za masikioni zimembana kofia, na mjukuu wake wa kiume amepiga magoti mbele ya kompyuta ndogo. Hapakuwa na amplifaya wala spika. Mzee alikuwa amefumba macho, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu taratibu.

"Baba, mbona gita limekufa?" akauliza yule mama.

"Halijafa, mama," kijana alijibu kwa niaba ya babu yake. "Sauti yake ndiyo haijafika. Itakuja baadaye."

Jibu hilo liliponifikia kesho yake, kupitia ukutani kama zifikavyo habari nyingi za mtaa wetu, nilidhani ni utani wa babu na mjukuu. Haukuwa utani. Kijana alikuwa ametaja, kwa maneno machache, jambo ambalo mafundi wa studio za muziki wamelifanya kwa miaka mingi: kumrekodi mpiga gita leo bila amplifaya, kisha kuipeleka rekodi hiyo kwenye amplifaya siku nyingine, mahali pengine, hata kama mpigaji mwenyewe hayupo. Mafundi hukiita kitendo hicho kuriampu. Katika makala haya tutasema kuipitisha upya.

Mzee huyo alipata kuwa mpiga solo wa bendi moja ya dansi ya Tanga katika miaka ya 1970. Leo baridi yabisi imemkamata vidole. Mchana havimtii. Usiku, baada ya kuoga maji ya moto na kuviloweka viganja ndani ya beseni kwa muda, hulegea kwa nusu saa hivi, pengine dakika arobaini, halafu hukaza tena. Familia ilikuwa na nyimbo nne ambazo ni yeye pekee azijuaye, alizozitunga na ambazo hazikupata kurekodiwa. Studio hufunguliwa mchana; vidole hufunguka usiku. Hapo ndipo lilipokuwa fumbo lao, na nakusihi, msomaji, ulikumbuke fumbo hilo kila nitakapoanza kutaja volti na transfoma, maana bila hilo habari hizi ni za mafundi tu.

Tuanze na gita lenyewe. Chini ya nyuzi za gita la umeme pana sumaku zilizoviringiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku hizo, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya, nao hutetema kama uzi unavyotetema. Umeme huo ni dhaifu. Kwa kawaida ni sehemu tu ya volti moja. Hauna sauti. Ni habari ya mkono: kidole kilibonyeza wapi, kilicharaza kwa nguvu gani, kikauachia uzi lini.

Amplifaya ndiyo huigeuza habari hiyo kuwa sauti, na hapa wengi wetu hukosea. Tunadhani kazi yake ni kukuza tu, kama kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. Sivyo. Amplifaya ya gita hupika. Zile za valvu, ambazo wapigaji wengi bado huzipenda kuliko za transista, zikisukumwa kupita kiasi hukata vilele vya mawimbi na kuongeza ukali wenye joto ambao haukuwapo ndani ya nyuzi. Spika yake, ambayo aghalabu ni ya inchi 12, hufifisha sana kila sauti inayozidi mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na kwa sababu hiyo ile mikwaruzo ya nyuzi inayochoma masikio hubaki nje. Sanduku la mbao nalo huongeza lake, na chumba huongeza lake. Ndiyo kusema kwamba mpiga gita la umeme hupiga ala mbili kwa wakati mmoja, moja iko mapajani na nyingine iko nyuma ya mgongo wake.

Ukiiondoa hiyo ya pili, linabaki gita kavu: jembamba, lenye ukali wa kukera, halina kifua. Yule mama aliposikilizishwa alisema linafanana na gita la mtoto lililofungwa nyuzi za breki za baiskeli. Lakini lina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba halijapikwa bado. Mchuzi usiotiwa chumvi unaweza kutiwa chumvi; uliokwisha kutiwa, hakuna mpishi aichotaye akairudisha koponi.

Kulirekodi gita kavu kunahitaji kijisanduku ambacho mafundi hukiita di-ai. Umeme wa gita, mbali na udhaifu wake, ni mwoga wa safari. Ukiupitisha katika waya mrefu, sauti zake za juu hufa njiani. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni, hunyongwa, kwa sababu tundu hilo halikutengenezwa kwa chombo kama gita. Ndani ya kijisanduku hicho huwamo transfoma, au mahali pake saketi ndogo ya umeme, ambayo huufanya umeme wa gita uweze kusafiri makumi ya mita bila kuchakaa. Vifaa vidogo vya kurekodia vya kuchomeka kwenye kompyuta, vinavyouzwa siku hizi katika maduka ya Kariakoo, aghalabu huwa na tundu la gita lenye kazi hiyo hiyo ndani yake. Yule kijana alikuwa na kifaa cha namna hiyo, lakini aliazima pia di-ai ya kweli kanisani, kwa sababu ambayo tutaifikia.

Wazo la kuirudisha rekodi hewani ili kuipatia sauti mpya si geni. Mwaka 1947 mjini Chicago, fundi Bill Putnam alitaka mwangwi katika santuri ya kundi la wapiga harmonika lililoitwa The Harmonicats. Aliweka spika na maikrofoni katika bafu la studio yake, Universal Recording, akaipeleka sauti bafuni na kuirudisha ikiwa imevaa mwangwi wa vigae. Santuri hiyo, "Peg o' My Heart", ilivuma Marekani nzima. Kule Detroit, katika nyumba aliyoinunua Berry Gordy mwaka 1959 ikawa makao ya Motown, wapiga gita na mpiga besi maarufu James Jamerson walichomeka ala zao moja kwa moja kwenye mitambo, wakajisikiliza wote kwa pamoja katika spika moja ya chumbani. London nao hawakukawia: mwaka 1967 fundi Ken Townsend wa studio za EMI, Abbey Road, alitengeneza kisanduku cha kulichomeka besi la Paul McCartney wa The Beatles moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na mwaka uliofuata bendi hiyo ikayachomeka magita ya wimbo "Revolution" humo humo na kuyasukuma mpaka meza ikakwaruza. Mkwaruzo wake unasikika hadi leo.

Kwa muda mrefu mafundi waliotaka kuirudisha rekodi kavu kwenye amplifaya walitumia walichokuwa nacho, mara nyingi di-ai iliyogeuzwa nyuma mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fundi wa California, John Cuniberti, aliyezirekodi kazi nyingi za mpiga gita Joe Satriani, alitengeneza kisanduku mahususi kwa kazi hiyo, akakiita Reamp na kuanza kukiuza. Baadaye kikachukuliwa na kampuni ya Radial Engineering ya Kanada. Jina la kisanduku ndilo lililogeuka kuwa jina la kitendo, kama ilivyotokea kwetu kwa majina ya sabuni na dawa za viatu.

Kisanduku hicho hufanya nini? Hudanganya amplifaya. Umeme utokao kwenye mitambo ya studio ni mkubwa, kipimo chake cha kawaida kikiwa volti 1.23, nao hutoka kwa nguvu na wepesi. Amplifaya haikuuzoea. Imezoea ule umeme mnyonge wa sumaku na waya wa shaba. Basi kisanduku huupunguza umeme wa rekodi na kuufanya utoke kwa shida kidogo, kama utokavyo kwenye gita, na transfoma iliyomo huitenga mitambo na amplifaya zisigusane kwa nyaya. Amplifaya haina njia ya kujua kwamba hakuna mtu upande wa pili. Mkono unaoupokea ni ule ule. Ni saa tu zilizopita.

Sasa turudi Magomeni, maana usiku ule wa kwanza haukwenda vizuri.

Mzee alisikia kupitia spika za masikioni lile gita kavu kama lilivyo, naye akaanza kulitafuta kifua kwa nguvu. Alicharaza zaidi, akabonyeza zaidi, na noti alizozizoea kuziacha zining'inie hewani akazikatisha, kwa kuwa kila alipoziacha zilikufa mikononi mwake. Kijana aliporudia kusikiliza kesho yake aligundua kwamba babu alikuwa amepiga kama mtu aliyekasirika. Noti zilikuwa sahihi, ila hazikuwa na mwendo wake.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wauzaji wa vifaa hulipita mbio. Husemwa kwamba ukirekodi kavu unaweza kuamua sauti baadaye, na hiyo ni kweli. Lakini mpigaji haamui baadaye. Mkono wake huamua pale pale, kwa kufuata sikio, na sikio hufuata amplifaya. Mpiga solo wa dansi huiacha noti irefuke kwa sababu anaisikia ikirefuka. Huigusa nyepesi kwa sababu anaona inatosha. Ukimnyima jibu la amplifaya, umerekodi mazungumzo ya mtu anayezungumza na ukuta. Hakuna kisanduku kitakachoyapitisha upya yakawa maongezi.

Dawa yake ilikuwa ndani ya ile di-ai ya kanisani. Kisanduku cha namna hiyo huwa na matundu mawili ya kutokea: moja hupeleka sauti kavu kwenye mitambo, na jingine hupitisha umeme wa gita kama ulivyo kwenda kwenye amplifaya. Kijana akachomeka amplifaya ndogo ya transista, ya ukubwa wa redio ya mkulima, akaiweka nyuma ya kochi na kuifunika khanga mbili, ikawa inanong'ona tu. Kompyuta ilirekodi gita kavu. Babu alisikia gita lenye mwili. Usiku wa tatu, mzee alipiga nyimbo mbili kwa mfululizo bila kusimama. Usiku wa tano akamaliza mbili zilizobaki, halafu vidole vikafunga. Mtoto hakuamka.

Kijana alifanya jambo jingine la busara ambalo ningependa wenye vijana wenye kompyuta walizingatie. Hakuirekodi sauti kwa ukubwa wote unaowezekana. Aliacha nafasi, akihakikisha noti kali kuliko zote inabaki desibeli 12 hivi chini ya ukomo. Rekodi ya dijitali ikigonga ukomo hukatika vibaya, na mkato huo amplifaya huutangaza mara kumi.

Wiki tatu baadaye tukaenda Kinondoni, kwenye studio ya mzee mwingine, fundi aliyeanza kazi zama za kanda za sumaku. Chumba chake ni kidogo, kimebandikwa mikeka na maboksi ya mayai, lakini ndani yake mna amplifaya ya valvu yenye spika ya inchi 12 anayoitunza kama wengine watunzavyo gari. Babu alivaa kanzu na koti. Salamu zilichukua muda, kwa kuwa wazee hao waligundua kwamba walikwishakutana mwaka 1976 katika ukumbi mmoja wa Tanga, mmoja jukwaani na mwenzake kwenye foleni ya tiketi.

Fundi aliweka maikrofoni ya Shure SM57, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 na isiyokosekana mbele ya magita duniani kote, karibu kabisa na kitambaa cha spika, katikati. Akabonyeza kitufe. Amplifaya ikaanza kupiga gita peke yake.

Msomaji, nilikwishakuambia jinsi jambo hili lifanyikavyo, na mwenyewe nilikuwa nimelielewa. Hata hivyo nilishtuka. Gita la mzee lilikuwa nyumbani, limetundikwa ukutani. Yeye aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, naye alikuwa akisikika akicharaza mbele yetu. Binti yake aliinuka nusu, akatazama nyuma ya amplifaya, akaketi tena. Vidole vya mkono wa kushoto vya mzee vilikuwa vikisogea kidogo juu ya kanzu.

"Hilo ni bati," alisema wimbo ulipokwisha.

Fundi hakubishana. Alisogeza maikrofoni kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni, upana wa vidole vitatu, kwa maana katikati ndipo ukali ulipo na ukingoni ndipo penye uzito. Akabonyeza tena. Mzee akasikiliza mstari mmoja tu.

"Sasa limeingia maji."

Wakarudi kidole kimoja. Wakapunguza besi kwenye amplifaya, wakaongeza sauti mpaka valvu zikaanza kulalamika. Wakarudia. Huu ndio utamu wa kuipitisha upya ambao hakuna maelezo ya kiufundi yanayoutosha: mstari ule ule, uliopigwa mara moja tu na vidole vilivyokuwa na dakika arobaini, ulirudiwa mbele yetu zaidi ya mara ishirini bila kuchoka na bila kubadilika hata chembe. Katika kurekodi kwa kawaida, mpigaji ndiye angekuwa akirudia mara hizo ishirini huku fundi akihangaika na maikrofoni, na noti nzuri ingekuwa imekwisha kutumika katika majaribio. Mzee safari hii alikuwa upande wa wasikilizaji. Alisema hajapata kujisikia akiwa hapo.

"Bado yuko karibu mno," alisema hatimaye. "Sisi tulisikika kutoka ng'ambo ya ukumbi."

Fundi akaweka maikrofoni ya pili, mita mbili kutoka kwenye spika. Zilipounganishwa zote mbili gita likawa na shimo katikati, kama linatoka ndani ya mtungi. Sababu yake ni rahisi: sauti husafiri sentimeta 34 hivi kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, basi ile ya mbali ilikuwa ikichelewa kwa sehemu sita, na mawimbi mawili yanayopishana hivyo hukatana. Fundi aliusogeza mstari wa maikrofoni ya mbali nyuma kidogo kwenye kompyuta mpaka mawimbi yakapatana, akairudisha sauti yake chini. Tukasikiliza wimbo wa kwanza wote.

Mzee alinyamaza kwa muda. "Huyo namjua," akasema.

Halafu akaongeza neno ambalo mjukuu hakulitarajia. Katika ubeti wa tatu alikuwa ameteleza. Kidole cha pete kiligusa uzi wa jirani. Kwenye gita kavu kosa hilo lilikuwa kama chungu sakafuni. Amplifaya ililifanya paka. Kijana alitaka liachwe, akasema ndilo linaloonyesha kwamba aliyepiga ni binadamu. Babu alimtazama kama atazamwavyo mtu aliyekuja kwenye harusi na ndala.

"Mimi nilikuwa nakatwa mshahara kwa kosa kama hilo," alisema. "Nitalipiga tena."

Na akalipiga, usiku wa pili yake, nyumbani, mstari huo mmoja peke yake, baada ya beseni la maji ya moto. Kijana aliuunga mahali pake katika rekodi kavu. Waliporudi Kinondoni, vifundo vya amplifaya vikiwa vimerudishwa kama vilivyokuwa, kwa kuwa fundi alivipiga picha, wakaupitisha upya wimbo wote. Kiungo hakikusikika. Tena si bahati. Ukiunga vipande viwili vya sauti iliyokwisha kupikwa, mkia wa noti iliyotangulia hukatika na sikio hugundua. Ukiviunga vikiwa vikavu, amplifaya huvipokea kama pigo moja na kuvivika mkia mmoja.

Kijana akauliza swali ambalo huenda na wewe unalo. Zipo nyimbo za zamani za bendi ya babu zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Je, hazingeweza kupitishwa upya, gita likapata amplifaya bora? Fundi akatikisa kichwa. Zama zile bendi nzima ilipiga pamoja ndani ya chumba kimoja, maikrofoni chache, mkanda mmoja. Gita la solo limefungamana na tarumbeta, na ngoma, na pumzi za waimbaji, na amplifaya ile ile iliyokuwapo siku ile. Zipo leo programu za kompyuta zinazoweza kulichomoa gita kutoka ndani ya wimbo, na zinazidi kuwa hodari, lakini kinachochomolewa ni gita lililokwisha kupikwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwezi Januari 1979, na gita tulilo nalo katika nyimbo zake ni lile alilolisikia yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele ya amplifaya yake. Mimi binafsi nashukuru. Sijui ningemwamini nani alichagulie jingine.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa wenye nyumba, na hili si la utamu wa muziki.

Ukiunganisha kompyuta na amplifaya kwa waya wa kawaida utasikia mvumo mzito usiokoma. Hutokana na vyombo viwili kushika arthi kwa njia mbili tofauti. Mitaani wapo mafundi wanaoutibu mvumo huo kwa kukata mguu wa arthi wa plagi ya amplifaya. Usikubali. Nyuzi za gita la umeme huunganishwa na arthi ya amplifaya. Hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya isiyo na arthi, umeme wa ukutani huja mpaka vidoleni. Mwezi Mei 1972, huko Swansea, Uingereza, mpiga gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliigusa maikrofoni jukwaani, mitambo ikiwa na kasoro ya arthi, akafa mbele ya wasikilizaji. Alikuwa na miaka 27. Mvumo hutibiwa kwa transfoma iliyomo ndani ya kisanduku cha kupitishia upya. Asiyekuwa na kisanduku hicho anaweza kutumia di-ai ya transfoma isiyohitaji betri, akiigeuza nyuma mbele na kuanza na sauti ndogo. Ile inayotumia betri au umeme haigeuziki.

Kadhalika tundu la spika la amplifaya lisichomekwe kwenye kompyuta hata kwa kujaribu, kwani hutoa volti nyingi na kifaa kitaungua. Na amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigwa bila spika yake. Transfoma ya ndani inaweza kufa kimya kimya, na kuipata nyingine ni safari.

Nyimbo nne zimekwisha. Kijana amezihifadhi zile kavu mahali pawili, kila moja ikiwa na tarehe na neno "kavu" mbele ya jina, ili asije akazifuta kwa kudhani ni mabaki. Zilizopitishwa upya mama yake huzipiga jikoni kwa simu, Jumapili, wali ukiwa jikoni.

Wiki iliyopita babu alisikiliza kutoka sebuleni, akaita. Alikuwa amekumbuka kwamba amplifaya ya Tanga ilikuwa na spika mbili. Fundi wa Kinondoni anamjua mtu mwenye amplifaya kama hiyo, Morogoro. Kijana ameanza kuulizia nauli.